NYUMBA INAYOPASUKA HAINA CHAMA

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati ya chama cha mtaa mmoja wa mjini Unguja mbele ya wanachama wetu. Yanachapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Tumeitwa jioni hii kueleza kazi ya chama chetu cha mtaa, nasi tunashukuru kwa kuitwa. Yatupasa tuanze kwa kusema kweli. Chama hicho si tawi la chama hiki cha siasa. Ndani yake wamo watu wa pande zote mbili, na wamo wasiotaka hata kusikia neno siasa likitajwa. Baadhi ya ndugu waliomo humu ndani wametulaumu kwa ajili hiyo. Wametuuliza: kwa nini mnakaa barza moja na watu waliotunyima haki zetu? Suali hilo ni la haki, na tutalijibu. Lakini kwanza turuhusuni tukuelezeni tuliyoyaona na tuliyoyafanya, kwani jibu limo humo humo.

Sote tunaikumbuka tarehe 25 Disemba, 2020. Siku hiyo Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lilianguka upande wake wa mbele pamoja na mnara wa saa, likiwa katika matengenezo, na watu 2 walipoteza maisha yao. Jumba lile lilisimama siku ya mizinga ya Waingereza, tarehe 27 Agosti, 1896, majumba yaliyokuwa ubavuni mwake yalipobomoka. Mizinga haikuliweza. Tokea mwaka 2012 sehemu yake ilikwisha kuanza kuanguka, milango ikafungwa, na kila mwenye kupita Forodhani aliona. Hapakuwa na siri yoyote. Sasa sisi wakaazi wa vichochoroni tukajiuliza: ikiwa jumba mashuhuri kuliko yote katika mwambao huu limeanguka mbele ya macho ya dunia nzima, nyumba ya mjane iliyo nyuma ya msikiti, asiyoijua mgeni wala mkubwa yeyote, itaangaliwa na nani?

Hapo ndipo ilipoanza kazi yetu. Hatukuanza na bendera wala katiba. Tulianza kwa kupita nyumba baada ya nyumba na tochi, tukiangalia kuta.

Ndugu zetu, wengi wetu tumezaliwa ndani ya nyumba hizi na hatujui zimesimamaje. Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo. Sakafu na dari zimebebwa na boriti za mikoko zilizoletwa kwa majahazi, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: mti ndio uliomwamuru mjenzi. Nyumba kama hiyo yaweza kukaa miaka mia mbili ikiwa jambo moja tu limehifadhiwa, nalo ni kwamba maji yasiingie ndani. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta na kuosha udongo uliomo baina ya mawe. Bomba la choo likipasuka, hufanya kazi ile ile kutokea chini. Mche mdogo ukiota juu ya ukuta, mizizi yake hutafuta maji na kupanua kila ufa. Na kichwa cha boriti, kile kilichoingia ndani ya ukuta ambacho hakionekani, huoza kimya kimya, hata siku moja sakafu yote ikaachia.

Mzee mmoja fundi, ambaye ametufundisha mengi bila ya kudai hata thumni, alitwambia kuwa adui mwengine ni saruji. Tulistaajabu, maana sote tulidhani saruji ndiyo dawa. Lakini ukuta wa chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiuvika koti la saruji, unyevu hubaki ndani, na chumvi hula mawe huku juu pakionekana pazuri. Wapo waliotumia akiba zao zote kuzipiga saruji nyumba zao kwa mapenzi, kumbe walikuwa wakizifunga pumzi. Tumeona nyumba moja ambayo rangi yake ilikuwa mpya kabisa, na fundi alipogonga kwa kifundo cha kidole, ukuta ukalia kama debe tupu.

Uchunguzi wa mwaka 1992 uliziangalia nyumba 1,709 za Mji Mkongwe na kukuta kuwa kadiri ya robo tatu yake zilikuwa zikiharibika. Mamlaka ya kuuhifadhi mji yalikuwapo tokea mwaka 1985, na mwaka 2000 mji wetu ukaandikwa katika urithi wa dunia. Tunafurahi kwa heshima hiyo, wala hatuidharau. Lakini dunia haiji kuziba paa la mtu. Mgeni huja, akapiga picha mlango wenye nakshi, akenda zake hotelini. Nyuma ya mlango ule mama wa watu ametega masufuria matano sakafuni kwa ajili ya matone.

Na kwa nini nyumba hazitengenezwi? Wengine husema watu wa mjini ni wavivu. Huo ni uzushi. Fundo lenyewe ni la umiliki. Baada ya mwaka 1964 nyumba nyingi ziliingia mikononi mwa Serikali. Nyengine ni za wakfu. Nyengine ni za warithi waliotawanyika baina ya Maskati, Dubai na London, wasioonana wala kusikilizana. Ndani ya nyumba moja mna familia tatu au nne. Wa chini husema paa si lake. Wa juu husema msingi si wake. Anayepokea kodi husema kodi haitoshi hata kununua mabati, naye hasemi uwongo. Mwenye kulipa husema hawezi kutengeneza nyumba ambayo kesho ataambiwa aihame, naye pia hasemi uwongo. Basi wote wana haki, na ukuta unaendelea kupasuka.

Tukuelezeni khabari ya nyumba moja tu. Ilikuwa na ufa wa kusimama, kutoka dirisha la juu hata mlango wa chini. Fundi wetu alitufundisha kupaka kibandiko cha chokaa juu ya ufa na kuandika tarehe juu yake. Kibandiko kikibaki kizima, ufa umelala. Kikikatika, ukuta unakwenda. Tulipaka vitatu kabla ya masika. Masika hayajesha, vyote vitatu vilikuwa vimekatika.

Tukaandika barua. Ofisi hatuitaji, maana hatukuja hapa kumtia mtu aibu. Tulijibiwa kuwa faili halionekani. Tukaandika tena, tukaambiwa muhusika yuko safarini. Mara ya tatu tulikwenda wenyewe, watu wanane, wanawake watano na wanaume watatu, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi hata adhuhuri, na tukachukua kibandiko kimoja kilichokatika tukakiweka juu ya meza. Bwana aliyetupokea alikitazama kitambo kirefu. Nadhani ndicho kilichosema kuliko barua zote. Baada ya juma moja alikuja mkaguzi, akakubali kuwa nyumba ni ya khatari, na uchochoro ufungwe.

Lakini ndani ya nyumba ile alikuwamo bibi mmoja mzee, ambaye alituambia maneno ambayo hatutayasahau. Alisema: "Mimi niliingizwa humu bibi harusi, na nitatoka humu juu ya jeneza. Nyinyi nendeni mkaokoe wengine." Tulimsihi, alikataa. Watoto wake walimsihi, alikataa. Aliyemtoa ni jirani yake wa uchochoro wa pili, mwanamke ambaye, ndugu zetu, sote humu twajua anavaa rangi zipi siku ya mkutano wa hadhara. Wawili hao walikuwa hawasemi tangu uchaguzi mmoja uliopita. Mwanamke yule alikuja usiku, akakaa naye chini kwenye mkeka, akamwambia chumba chake cha chini ki tupu tangu mwanawe alipohamia Dari es Salama, na kwamba dirisha lake linatazama mlango ule ule wa bibi, basi hatakuwa ameuacha. Asubuhi yake tulihamisha vitu. Waliobeba kabati la bibi, lile zito la mninga, walikuwa vijana wanne. Wawili wa huku na wawili wa kule. Uchochoro ni mwembamba, hupiti na kabati mnagombana.

Ukuta ulianguka nusu yake mwezi uliofuata, alfajiri, na mvua. Hapakuwa na mtu chini yake.

Tuna mengine ya kusema, na tutayapitia kwa haraka.

Kuna moto. Gari ya zimamoto haiingii katika vichochoro vyetu. Itasimama barabarani na mpira utavutwa hata uishe. Dari zetu ni miti mikavu, nyaya za umeme zimepita juu ya nyaya, na jikoni sasa mna mitungi ya gesi. Wengi wenu mwakumbuka mwaka 2008, umeme ulipokatika kwa kadiri ya mwezi mzima, na tena miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hata Machi 2010. Kila mwenye uwezo alinunua jenereta, na madumu ya petroli yakawekwa chini ya ngazi, pale pale ambapo watu wangekimbilia. Mazoea hayo hayajatoka yote. Tumeomba kila nyumba iweke ndoo mbili za mchanga mlangoni, na petroli isilazwe ndani. Baadhi wamekubali. Wengine wanatumia ndoo za mchanga kuwekea paka wao, na hilo pia tumeliona.

Kuna maji machafu. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu katika mji huu, na daktari aliyekuwapo wakati ule, James Christie, aliandika kitabu kizima juu yake kilichotoka mwaka 1876. Baadaye Sayyid Barghash akaleta maji ya bomba kutoka Chemchem. Basi si jambo jipya, na elimu yake si ngeni. Hata hivyo mitaro yetu ya maji ya mvua hujaa mifuko na maganda ya madafu kila mwaka kabla ya masika. Tunaisafisha wenyewe Jumapili mbili kabla ya mvua. Tunajua ni kazi inayolipiwa kodi, wala hatuachi kudai ifanywe na wanaolipwa. Lakini maji hayasubiri majibu ya barua.

Kuna pikipiki zinazopita vichochoroni kama risasi, na watoto wanaotoka chuoni wakati wa magharibi. Tumeweka mawe makubwa penye pembe mbili. Moja limeondolewa usiku na mtu tusiyemjua, nasi tumelirudisha.

Sasa tufike kwenye ulinzi wa usiku, na hapa tunaomba msikilize kwa makini, maana ndipo tulipotafautiana hata sisi kwa sisi.

Mtaani petu kulikuwa na uporaji wa simu na mikoba, na vijana waliotekwa na unga wakilala katika magofu. Watu walichoka. Usiku mmoja zilipigwa kelele za mwizi, wakatoka wanaume kwa magongo, wakamkamata kijana mmoja mkonda karibu na kisima. Alikuwa na simu mkononi. Alikwisha kupigwa mara mbili tatu mmoja wetu alipoichukua simu ile na kuuliza namba yake. Kijana akaitaja. Tukaipiga, ikalia. Ilikuwa simu yake mwenyewe. Alikuwa mtoto wa mtu tunayesali naye safu moja, naye hakukana kuwa anatumia unga. Alikana tu kuwa ni mwizi, na kwa usiku ule alikuwa mkweli.

Tangu hapo kamati ilikaa mara nne. Walikuwapo waliosema mateja wafukuzwe kwa fimbo, na walikuwapo waliosema tusijihusishe. Tulichokubaliana ni hiki. Magofu yafungwe kwa mbao na kufuli, na funguo zikae kwa watu wanaojulikana. Kijana anayetaka kuacha apelekwe kwenye nyumba za kupata nafuu, ambazo kisiwani petu zilianza mwaka 2009 na zimewarudisha watoto wengi kwa wazee wao. Anayeiba akabidhiwe polisi, mzima. Na pawe na zamu ya usiku.

Lakini zamu ya namna gani? Sisi wa kisiwa hichi hatuhitaji kufundishwa nini hutokea watu waliofunika nyuso zao wanapopewa marungu usiku. Tumeyaona, na wapo humu ndani waliobeba makovu yake. Kwa hivyo tuliandika masharti kwa wino. Mlinzi wa zamu hafuniki uso. Habebi silaha; hubeba tochi na firimbi. Haingii nyumba ya mtu. Haulizi mtu anatoka mkutano gani. Hukaa wawili wawili, na wawili hao wasiwe wa upande mmoja. Majina ya zamu ya wiki nzima hubandikwa ukutani penye barza, kila mpita njia ayasome. Aliyevunja sharti moja hutolewa, na tumekwisha kumtoa mtu mmoja, ambaye ni wa upande wetu sisi, naye alikuwa ni rafiki yetu.

Turudi sasa kwenye lile suali. Kwa nini tunakaa nao?

Tunajua mliyotendewa, maana nasi tulitendewa. Kila tunapohitaji uchochoro ufungwe au polisi waje, yahitajika barua ya sheha, na wapo miongoni mwetu ambao sheha huyo huyo aliwanyima barua ya ukaazi wakati wa kuandikisha wapiga kura, ilhali babu zao wamezikwa mji huu. Kumwendea mtu huyo na kumwambia "Sheha, tunaomba saini yako" si jambo jepesi. Mmoja wetu alisimama mlangoni pake akarudi mara mbili kabla ya kubisha. Hatukuomba radhi kwa madai yetu wala hatukuyasahau. Tulimwambia waziwazi kuwa lile la barua za ukaazi tutakutana naye mbele ya sheria, na hili la ukuta tunakutana naye leo. Alisaini. La ukaazi bado hatujamaliza naye, na hatutaliacha.

Wazee waliomo humu wanakumbuka tangu uchaguzi wa mwaka 1957 hata 1963. Watu waliacha kununua katika duka la jirani kwa ajili ya chama. Wenye nyumba waliwatoa wapangaji. Walifika hata kutozikana. Na mwezi wa Juni, 1961, watu 68 waliuawa katika fujo za kisiwa hichi. Lakini wazee hao hao walituhadithia pia khabari za Ng'ambo mwaka 1928, wakaazi walipokataa kwa pamoja kulipa kodi ya viwanja, watu wa asili mbali mbali waliokuwa wamejenga mlango kwa mlango. Wakati ule hawakuulizana asili. Walijuana kwa kuta zao, kwamba wa huyu akibomolewa, wa yule unafuata.

Maridhiano ya mwaka 2009 na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai, 2010, tuliyaunga mkono kwa moyo safi, na tukayaona yalivyoyeyuka baadaye. Makubaliano ya wakubwa hutiwa saini juu, na yaweza kufutwa huko huko juu. Bibi wetu na jirani yake hawakutia saini popote. Mpaka leo wanakula chakula cha usiku sahani moja, na wanagombania redio.

Wapo wanaosema tukisafisha mitaro na kuegemeza kuta tunaifanyia Serikali kazi yake, na kuiondolea lawama. Tumelifikiria sana jambo hili. Jawabu letu ni kuwa tunaweka daftari. Kila barua tuliyoandika imo, tarehe yake imo, na jawabu au ukimya wake umo. Kila kibandiko kilichokatika tumekipiga picha. Siku mwakilishi wa jimbo, awe wa chama chochote, atakapokuja kuomba kura kwenye barza ile, daftari litakuwa juu ya meza kabla ya kahawa. Mtu aliyekaa nyumbani kwa hasira hana daftari.

Tunamaliza kwa mambo matatu tunayoyahitaji kwenu wiki hii. Tunahitaji miti ya kuegemezea, urefu wa futi kumi na mbili au zaidi, kwa nyumba mbili ambazo vibandiko vyake vimekatika Ijumaa iliyopita. Mwenye miti iliyobaki katika ujenzi wake na atwambie. Tunahitaji mtu mwenye kujua kuchoma na kuzimisha chokaa, kwa sababu fundi wetu ni mzee na hana mwanafunzi. Na zamu ya usiku ina nafasi nne, Jumanne na Alkhamisi. Daftari liko kwa katibu wetu hapo nje, karibu na mlango, pamoja na tochi. Betri kila mtu aje na zake.